Gauni la Kijani la Kuogelea

Mama,

Hapa nyumbani Itumbe majani ya chai yamechipuka vizuri na mvua hii, ng'ombe wako amezaa ndama jike, na Baba ameoa. Nimeanza na ng'ombe kwa sababu yeye alisubiri wakati wake.

Mke mpya anaitwa Bosibori. Ni mjane kutoka Nyansiongo, anaimba kwaya, hajanikosea lolote, na hilo nalo linaniudhi.

Unakumbuka nilivyowapeleka wewe na Baba Mombasa, kwenye ile hoteli ndogo ya ufuoni yenye paka wengi kuliko wageni? Ulikuwa umechuma chai tangu uolewe na hujawahi kuona bahari. Ukaenda kwa fundi sokoni, ukashonewa gauni refu la kijani la kuogelea, mikono mpaka viganjani. Fundi alicheka. Ukamwambia, "Wewe shona tu. Ni mimi nitakayeloa."

Tukafika Ijumaa jua likizama, Sabato inaingia. Baba akasema hakuna kuogelea, hiyo ni anasa. Jumamosi kutwa mlikaa kwenye viti vya plastiki, Biblia mapajani, watu wengine wakipiga kelele majini. Mimi peke yangu nilijua kwamba chini ya nguo yako ya kanisani ulikuwa umeshavaa gauni, na jasho linakutiririka. Ukaninong'oneza, "Kerubo, jua likizama tu, utaniona."

Jua likazama. Baba akafunga Sabato kwa maombi. Akaombea kanisa, akaombea serikali, akaombea kila mjomba kwa jina. Tulipofumbua macho kulikuwa giza, na askari wa hoteli akakataa mtu yeyote kuingia majini. Basi letu lilikuwa la alfajiri. Baba akakushika bega akasema, "Mama Kerubo, bahari haiendi mahali. Tutarudi."

Kweli, bahari haikwenda mahali. Wewe ndiye uliyekwenda, kabla mwaka haujaisha, kwa ule ugonjwa wako wa kifua. Niliomba tukuzike na gauni lako. Baba akasema mtu hawezi kufufuka mbele ya Yesu akiwa na nguo ya kuogelea. Nikalirudisha gauni sandukuni, maana ni baba yangu na waombolezaji walikuwa wanasikiliza.

Sasa sikia. Wiki jana picha iliingia kwenye grupu ya familia. Hoteli ni ile ile. Bosibori yuko majini mpaka kiunoni, anacheka, amevaa gauni lako. Linambana kifuani. Baba yuko kando yake, suruali ameikunja, na chini ameandika, "Mungu ni mwema." Mama, niliiona picha hiyo nikitoka kanisani. Ilikuwa Sabato, mchana kweupe!

Nililia, halafu nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikampigia Baba. Akaniambia, "Kerubo, mtu akizeeka anaelewa Mungu si askari." Nilitaka kumuuliza ni nini kilimzuia kuzeeka mapema kidogo. Nikamtakia safari njema.

Na wewe pia nimekukasirikia. Ungeinuka tu ukaingia. Ungemwacha hapo na wajomba zake, Mama, ungeingia tu. Angekufanya nini?

Wamerudi juzi. Mimi nimefika leo, na gauni nimelitoa kwenye mkoba wao bila kuomba ruhusa. Bado lina chumvi, nimelionja. Sitalifua. Kaburi lako bado ni udongo, hatujaliwekea simenti, na mtu akifungua mlango wa mbele ndilo analoliona kwanza. Jumamosi, wakiwa kanisani, nitalitandaza gauni juu yako na kulibana kwa mawe. Najua kwetu hatuaniki nguo siku ya Sabato. Nataka walikute.

Kwaheri, Mama yangu. Nakuahidi hakuna atakayelivaa tena. Nitawakataza hata kuligusa, litanyeshewa hapo hapo mpaka lioze, na ile chumvi ishuke polepole ikufikie.

Mwanao,
Kerubo