Uji wa Chacha

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Bibi yako hajambo, mihogo tumeanika. Unauliza utawaangaliaje wenye kifungo cha nje wilaya nzima bila pikipiki. Mambo ya pikipiki siyawezi.

Nilipokuwa kijana hapa Nyambureti, jirani yetu Chacha alituibia ng'ombe, akapewa kifungo cha nje. Afisa wa kazi kama yako alikuja kwa miguu, akauliza nani atamwangalia. Wazee walitaka ahame. Mama yangu akasema, "Aje kwangu kunywa uji kila asubuhi. Asipokuja nitajua."

Afisa hakurudi. Chacha alikuja, akawa anakunywa, mpaka kifungo kikaisha. Kesho yake, kabla hajafika, mama alimmiminia tena. Nikamwambia mama adhabu imekwisha.

"Najua. Sogeza kigoda."

Nje Chacha alikuwa anapiga hodi.

Babu yako