Aliyesahau Baruti

Gardone, Jumapili jioni

Dada Ortensia, wetu wa huko Argentina,

Kaka yako mzima, ila meno yananikimbia, na yaliyobaki hayasemeshani. Polenta, ule ugali wetu laini wa mahindi, bado naimudu.

Faustino, kitinda mimba wetu, bado tunapiga naye shabaha kwa zile bastola zilizoundwa kwa mfano wa kale. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia risasi, unaweka fataki ya kuiwasha. Anayesahau baruti huvishwa kengele ya ng'ombe mpaka chakula kiishe. Mwezi uliopita alivishwa yeye, bingwa wetu! Nikamwambia, "Lia basi, tukukamue!" Tukacheka hadi mvinyo ukatutoka puani.

Jumapili iliyofuata akasahau tena. Safari hii tulicheka kidogo. Leo alimimina baruti, akamimina tena, na alipotaka kuongeza nikamshika mkono. Akanitazama kwa adabu. "Samahani mzee, wewe ni nani?"

"Yule mzuri kuliko wewe," nikamjibu. Hakucheka.

Bastola yake nimeificha. Lakini hajasahau kwamba ukishapiga ni lazima uoshe mtutu kwa maji ya moto, usiliwe na kutu. Akahangaika kuitafuta mpaka machozi. Basi nikampa yangu, safi kabisa. Ameiosha, ameipaka mafuta, kisha akauliza, "Leo nilipigaje?"

"Umetushinda wote."

Akafurahi. Sijui kingine cha kumfanyia.

Wewe bado anakutaja kwa jina. Njoo, dada, kabla zamu yako ya kusahauliwa haijafika.

Mkorofi wako yuleyule,
Battista