Siku Ngoma Ilipokaa Chini

Mjukuu wangu Namono,

Salamu zikufikie huko Jinja. Sisi hapa Mbale hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo tu, na kahawa imechanua, kijiji chote kinanukia.

Umeniuliza kama inatosha vijana wambebe rafiki yako asiyeweza kutembea hadi ukumbi wa harusi yako, ulio ghorofani. Nimemkumbuka dada yangu Nambozo, aliyepooza miguu tangu utotoni. Kaka yetu alipokaribia kutahiriwa, wapiga ngoma walifika uani kwetu. Vijana wakainama wambebe Nambozo ili naye acheze.

"Mimi si gunia la mahindi," akasema. "Kaeni nyinyi."

Kisha mpiga ngoma mzee akaketi vumbini. Kaka akaketi. Watu wote wakaketi, tukacheza kwa mabega, huku ukungu wa mlimani ukitushukia taratibu kama usingizi. Nambozo ndiye aliyetuongoza, kwa kuwa ni yeye tu aliyezoea kucheza akiwa chini.

Muulize rafiki yako mwenyewe, mama. Mimi hata leo nikisikia ngoma, mabega ndiyo hutangulia.

Ni mimi kukhu wako, nyanya anayekuombea.