Kanuni ya Matope

Innocent, rafiki yangu,

Nianze na habari mbaya ili tuimalize: ubao wako uliharibika, na walioharibu ni wale mama waliokuja kukulilia. Usiwakasirikie. Siku ya kwanza ya kilio watu walijaa uani kwenu, sufuria kubwa ya sombe ya majani ya muhogo haikuwa na kifuniko, mtu akaingia ndani akatoka na kipande cha triplex kilichokuwa kimeegemea nyuma ya mlango. Waliona ni ubao tu. Wakaulaza juu ya sombe, upande wenye mchoro chini, na mvuke ukafanya kazi yake mchana mzima. Wewe uliyepaka rangi vibao vya karibu nusu ya maduka ya mtaa wa Lumumba, mchezo wako mwenyewe uliuchora kwa feutre, kalamu ya wino tu, ukisema rangi utaweka ukishaona kama unatembea vizuri. Nilipouinua, barabara ya kutoka Bunia mpaka Komanda ilikuwa bado inaonekana. Kuanzia Komanda kwenda Mambasa, msitu wote ulikuwa umemwagikia barabarani, na Kisangani haikuwepo tena. Ubao ulinuka mawese. Nilicheka, Innocent. Katikati ya kilio chako nilicheka, mpaka Sifa, jirani yangu wa duka, akanishika mkono, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshageuka kuwa kilio.

Tangu siku hiyo nina kazi moja: kuuchora upya kabla sijausahau. Ulikuwa mmoja tu duniani, na kanuni zake hukuziweka popote ila kwenye mdomo wako. Sasa ziko kichwani mwangu, na kichwa changu unakijua. Mteja akinisalimia wakati napima kitambaa, inabidi nianze kupima upya. Nisipouchora sasa mchezo wako utakufa, na mimi nimeshachoka na vifo.

Lakini kwanza nikupe habari za huku. Kile chumba cha michezo ya televisheni, pale tulipojuana, kimeleta mashine mpya, na vijana wanasimama mstari mpaka nje. Nilienda kuangalia. Bado ni mpira, mpira, mpira, na kila mtu bado anagombania timu zilezile mbili za Ulaya, kama vile dunia nzima imekosa timu nyingine. Picha zimekuwa nzuri zaidi, nakubali. Unaona hata jasho kwenye shingo ya mchezaji. Sasa jasho litanisaidia nini? Mbio za magari nazo ni zilezile: barabara laini, gari linagonga ukuta kisha linarudi njiani lenyewe bila mtu kushuka kusukuma. Wewe ulikuwa unaiita michezo ya watu ambao hawajasafiri. Na ile ya kwenye simu siiwezi kabisa. Inakupa raha kidogo, halafu inakusimamisha uangalie matangazo ya sabuni.

Ile ya bunduki wanaicheza kwa sauti ya juu. Nilikumbuka siku yetu ya kwanza, mtu alipokupa ile manette ya kuchezea, ukasikia risasi zinaanza kwenye televisheni, ukaiweka mezani polepole ukasema, "Ile sauti nilishaisikiaka ku Djugu. Munipe ingine." Hakuna aliyekucheka. Mimi nilikuwa kando nasubiri zamu yangu, mwanamke peke yangu chumbani, nikasema moyoni, huyu lazima niongee naye. Nikakuuliza kama unajua kucheza dame, yaani drafti. Ulisema unajua sana. Hukujua, Innocent. Nilikufunga mpaka ukaomba twende kunywa chai.

Na lile sanduku letu la mchezo wa mitumba? Lile lililokuja sokoni katikati ya nguo za watoto, nusu ya vipande vimepotea, maandishi yake ya lugha ambayo hatukuijua, tukaamua tu kwamba ni Kijerumani. Tulisoma picha. Vipande vilivyokosekana tukaweka maharagwe na vifuniko vya chupa. Wale watu wadogo wa mbao tukasema ni wafanyabiashara wanaoleta vitunguu kutoka Butembo, kwa sababu ukoo wangu wote umefanya hivyo. Baada ya wewe kuondoka nimepata kwenye simu mtu anayeufundisha mchezo ule. Kumbe wale ni watawa, na wanajenga kanisa. Tulikosea kila kitu. Nimejaribu kanuni za kweli pamoja na Sifa, na nakuambia bila upendeleo: zinachosha. Vitunguu vyetu vilikuwa bora. Nilitamani sana kukuambia hivyo, nikashika simu kabisa, nikaanza kutafuta jina lako.

Sasa tuje kwenye mchezo wako.

Msimamo wangu unaujua. Mchezo mzuri ni ule ambao akili inaishinda bahati. Ndiyo maana napenda dame, na ule wa mashimo na mbegu ambao mjomba wako alitufundisha: humo hakuna dadu ya kusingizia, ukipigwa umepigwa. Wewe ukaja na malori yako. Kila mchezaji ana lori lake, linatoka Bunia na mzigo, linapita msituni kwenda Kisangani. Njia ni moja, nyembamba, na kuna sehemu za matope. Ukianguka kwenye matope umekwama, na walio nyuma yako wote wamekwama pamoja nawe, hakuna wa kupita. Mpaka hapo nilikuelewa, nani hajawahi kulala kwenye ile barabara? Tatizo lilikuwa namna ya kutoka. Uliweka kwamba aliyekwama aeleze kwanza kitu kimoja cha kweli kilichompata maishani, na wengine wote wamsikilize. Akimaliza, ndipo atupe dadu.

Nilikuambia hiyo si kanuni, hayo ni maongezi. Nilitaka kila dereva apewe majembe machache mwanzoni, ayatumie kwa akili: ukichimba mapema utayakosa mbele, ukiyabana utakwama. Hapo mtu anafikiri. Kila Jumamosi tulirudia ugomvi huo juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, wewe na chai yako, mimi na mkasi mkononi. Hukuwahi kunieleza kwa nini uliing'ang'ania. Ulisema tu, "Kavira, weye unataka wafike. Miye nataka wasafiri." Halafu zile figo zikaanza kukusumbua, na pale hospitalini hatukugombania tena kitu chochote.

Kwa hiyo unaona shida yangu. Barabara nimeichora upya, daraja kwa daraja, na ninaamini sikukosea. Lakini kwenye matope nilisimama. Wewe hupo wa kunikatalia tena. Nikiweka majembe, hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na kitu kingine, na mchezo utakuwa mzuri zaidi, watu wataupenda, jina litabaki lako. Nikiacha kanuni yako, nitakuwa nimehifadhi kitu ambacho mimi mwenyewe sikiamini. Nilikaa na hilo kwa muda mrefu. Ni ajabu kushinda ubishi kwa sababu mwenzako amekufa. Sikusikia utamu wowote.

Nikajaribu majembe na Sifa. Mchezo ulikimbia. Tulifika Kisangani kabla chai haijapoa, mimi wa kwanza, na nilikuwa nimehesabu vizuri sana. Sifa akasema, "Iko muzuri. Iko tu sawa na zile zingine." Nikamwambia hajui michezo.

Mama yako huwa anakuja dukani mchana. Sijui kama ungependa nikuambie hivi, lakini tangu kilio haongei. Anasalimia, anakaa kwenye kiti kile karibu na mlango, anaangalia barabara, jioni anaaga. Watu wa kanisa wamemuombea, dada zako wamembembeleza. Mimi nilikuwa namwacha tu, nampa chai. Ile siku aliona tunapanga vifuniko vya chupa kwenye ubao, akasogeza kiti chake bila kuitwa na kunyoosha mkono. Sifa akampa kifuniko chekundu. Kwa heshima yake nikaamua tucheze kwa kanuni yako, mara moja tu, halafu majembe yangu yangerudi.

Alikwama kabla ya Mambasa. Sifa akaanza kumweleza taratibu kwamba sasa inabidi aseme kitu. Mimi nikakatiza, nikamwambia, mama, acha tu, tupa dadu. Nilimwonea huruma. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeingia kwenye mazungumzo ya wakubwa.

"Ile kanuni iko yangu," akasema.

Halafu akatueleza. Mlipokimbia vita vya Djugu mlikuwa juu ya lori, juu ya magunia ya watu wengine, na mvua ilinyesha, na lori likazama kwenye matope wakati kila mtu alikuwa anasikiliza kama kuna wanaofuata. Watoto wakaanza kulia. Kulia hakukutakiwa. Basi mama yako akawaambia watu wa lile lori kila mmoja aseme, kwa sauti ya chini, kitu kimoja kilichompata nyumbani, na wengine wasikilize, mpaka wanaume wamalize kuchimba. Ilipofika zamu yako ulikuwa mdogo sana. Ulisema kuku wenu alitaga ndani ya kofia ya baba, na baba akaivaa akaenda nayo kanisani. Mama yako anasema watu walijiziba midomo kwa kucheka. Mpaka lori likatoka.

Aliyaeleza hayo yote bila kulia, akaongeza kwamba haikuwa kanisani, ilikuwa sokoni, wewe ulipenda kuongeza chumvi tangu utotoni. Kisha akacheka. Nakuapia, mama yako alicheka dukani kwangu, na Sifa akageuka akajifanya anakunja vitenge.

Kwa nini hukuniambia? Miaka yote ya majembe yangu, na wewe kimya na chai yako. Labda ulitaka nikwame kwanza.

Basi nikakwama. Lori langu lilikuwa nyuma ya lake, dadu ikanileta palepale kwenye matope, na wote wawili wakageuka kunisikiliza. Nilitafuta kitu cha kuchekesha, nikakosa. Nikasema, "Rafiki yangu alikufa. Sina mutu wa kubishana naye tena." Hicho ndicho kitu cha kweli kilichonipata, na sikuwa nimekisema kwa mtu yeyote. Walikaa nami tu, kama kanuni inavyotaka, na malori yote yakasimama. Baadaye mama yako akaniwekea dadu kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

Majembe nimeyaondoa. Ubao nimeupaka rangi ya mafuta mara hii, herufi zangu zimepinda na Kisangani imekuwa kubwa kupita kiasi, ungenicheka. Mama yako anacheza kila Jumamosi. Anaiba kwenye kuhesabu hatua, na hatuthubutu kumwambia.

Lala salama, Innocent. Nakuahidi kwamba yeyote atakayekwama kwenye ubao huu ataeleza lililompata, na mimi, ambaye unajua sina subira, nitaweka mkasi chini nimsikilize mpaka amalize.

Rafiki yako,
Kavira