Nani Sasa Atakuita Nyar Bondo

Mama Njeri wangu,

Keti kwanza, kama huko uliko watu huketi. Bendi yetu imevunjika. Ndiyo, Kisian Stima, wale vijana walioanza kupiga magitaa ya umeme ndani ya karakana ya kuchomelea vyuma pale Kisian, na ambao sasa wana mvi kunishinda. Njeri ndiye aliyeniletea habari dukani. Alinionyesha simu, maneno matatu tu: "Asanteni. Tumefika mwisho." Nikamwambia mteja asubiri misumari yake, nikaenda nyuma katikati ya makopo ya rangi, nikalia. Binti yako akanifuata. "Baba, si ni bendi tu?" Nusura nimgombeze. Lakini angejuaje? Hakujua nilichokuwa nimekificha ndani ya ile bendi.

Unakumbuka ulivyonipeleka mara ya kwanza? Ulikuja dukani kununua wavu wa kuanikia omena, dagaa wenu wa ziwani, ukanikuta nagonga meza kwa vidole nikifuata redio ya jirani. "Wewe Bwana wa misumari, unajua kucheza?" Nikasema sijui. "Afadhali. Hao wanaojua wanakanyaga watu kwa maringo." Jumapili hiyo, baada ya kanisa, tukashuka mpaka ile bustani ya kando ya ziwa yenye viti vya plastiki. Ukavua viatu vyako vya manjano, ukanipa. "Shika." Nilivishika miaka kumi na tisa. Wewe unaruka na ule muziki wao, benga iliyovaa suruali ya roki, na mimi nimesimama kando kama mlingoti.

Mimi mtu wa Murang'a, Kidholuo chako kilinishinda, na Kikuyu changu wewe ulikuwa unakicheka tu. Basi tukapendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili. Kilichechemea, lakini kilikuwa kinafika. Ndiyo maana nakuandikia kwacho.

Halafu ile Jumapili ya majivuno! Desturi yenu ile, pakruok, mtu akizidiwa na utamu anainua mkono, bendi inanyamaza, anapewa maiki ajisifu mpaka aridhike. Uliinua mkono kabla sijakuvuta gauni. Ukapanda jukwaani miguu mitupu, ukasema, "Mimi Akinyi, nyar Usenge! Nikianika omena, mvua inaniomba ruhusa! Na yule pale ameshika viatu ni bwanangu. Mwangalieni vizuri, halafu mwachane naye!" Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Oluoch, yule mwimbaji, akapokea maiki, akakuita kwa sauti ya kupasua bati: "Akinyi nyar Bondo!"

Nyar, binti wa. Ndilo neno la kwanza la kwenu nililolielewa, na nikaelewa pia kwamba kijana amejitafutia balaa. Ukamnyang'anya maiki. "Usenge!"

"Si Usenge iko huko huko Bondo, Mama?"

"Bondo ni maofisi na chuo! Mimi nimezaliwa kwa omena! Usenge!"

Ikawa sehemu ya wimbo ule ule ulioukatiza. Kila Jumapili, ukifika katikati, Oluoch anaita "Akinyi nyar Bondo!" na bustani nzima inajibu "Usenge!", hata watoto wa juzi ambao hawakumjua Akinyi ni nani. Kwenye rekodi zao haimo, kwa sababu wimbo waliurekodi kabla yako. Jina lako liliishi pale tu, kwenye vinywa vya watu, siku ya Jumapili.

Ulipokufa tulikuzika kwetu, mlimani, kwa sababu ulisema utalala nitakapolala mimi. Sijutii. Lakini kule ni mbali na ziwa, na hakuna mtu anayejua Usenge ni wapi. Miezi miwili baadaye nilishuka bustanini peke yangu. Sijui nilifuata nini. Wimbo ukafika katikati na Oluoch akaita, "Akinyi nyar Bondo!" Watu wakajibu. Mungu wangu, uliitwa kama mtu aliyetoka kidogo kwenda kununua soda.

Ilinipasa nimwambie Oluoch. Sikumwambia. Jumapili iliyofuata nikarudi, na ile nyingine pia. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha kifo chenyewe, karibu miaka miwili. Njeri alidhani naenda kutazama ziwa. Nilikuwa naenda pahali ambapo mke wangu bado yuko hai kwa dakika moja. Haki ya Mungu, kila ulipoitwa niligeuka kuangalia.

Mwezi uliopita ndipo ilipofika Jumapili ya kuagana. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama kwenye majani ya kando ya maji. Jamaa mmoja alikuwa amevaa fulana ya Stima ya miaka ile, imemfika kitovuni. "Mimi ndio nimenenepa," akasema, "fulana haina makosa." Mama mmoja muuza samaki alikuwa analia kabla hata magitaa hayajaunganishwa. "Hawa watu wamenilea," akaniambia. "Bwanangu aliponiacha, hawa ndio waliniamsha." Nikampa leso yangu. Wengine walikuwa wanabishana kwa nini bendi imekufa. Eti Oluoch na Tobi, mpiga gitaa, hawasemezani. Sikutaka kujua. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya jina moja.

Wakapiga wimbo huu na ule, na wetu hawaupigi. Mwishowe Tobi akaanza zile nyuzi zako. Wimbo ukafika katikati, Oluoch akasimamisha bendi yote. Akavua kofia. Akasema polepole:

"Akinyi. Nyar Usenge."

Watu walikuwa wamefungua vinywa na hawana la kujibu, maana hakukuwa na kosa la kusahihisha. Papo hapo nikajua kwamba anajua. Hivyo ndivyo anavyotajwa marehemu, vizuri na bila utani. Nilihisi wanakuzika mara ya pili, mbele ya macho yangu. Na mimi, ambaye sijawahi kuinua mkono hata kwenye mkutano wa wazazi, nikapayuka:

"Bondo!"

Ilitoka kama sauti ya jogoo mgonjwa. Watu wakageuka. Nikarudia, sasa nikilia waziwazi, "Akinyi nyar Bondo!"

Bustani nzima ikajibu. Jamaa wa fulana, mama wa samaki, Tobi mwenyewe: "Usenge!" Ngoma zikarindima, na nikacheza, Mama Njeri. Vibaya sana. Nilimkanyaga mama wa samaki na akanishika mkono tu tukaendelea.

Walipomaliza, Oluoch akanijia. "Pole, Mzee."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili ulikuja bila viatu."

Nikaangalia miguu yangu.

"Si vyako. Vyake. Mtu wa kushika viatu akija mikono mitupu, kwani hatutauliza?"

"Na bado ukawa unaita Bondo."

"Ningesema Usenge, wangenyamaza. Sikutaka wakunyamazie, Mzee. Leo nikaona tusimuage tukiwa bado tunakosea jina la kwao."

Kumbe mimi namficha, na yeye ananifichia. Nilitaka kumshukuru nikashindwa, nikamrekebishia kola ya shati kama mtoto anayeenda shule. Ndipo tukaachana.

Sasa Jumapili zimekuwa ndefu. Nikitoka kanisani miguu inashika njia ya ziwani yenyewe, naiambia huko hakuna kitu. Nina uchungu na wale vijana kwa kuacha, na sikufichi, nina uchungu na wewe pia kwa kutangulia kuacha. Viatu vyako vya manjano viko chini ya meza ya duka. Njeri amevijaribu, vinambana. Nimemweleza yote, na hajasema tena kwamba ni bendi tu.

Jana asubuhi nikifungua mlango wa duka nilisema kwa sauti, "Akinyi nyar Bondo." Nikangoja. Pikipiki zikapita. Mteja akauliza kama nimemsemesha, nikamwambia hapana, nikamuuzia kufuli.

Lala vizuri huko mlimani. Nitaendelea kukosea kila asubuhi, ili kosa lisisahaulike. Siku nitakayokuja, nitakuja nimeshika viatu. Vaa kwanza, halafu unisahihishe.

Mumeo, mshika viatu,
Baba Njeri