Wake Wenza na Vidonge vya Jumapili

Jumatatu, 6 Januari

Bila mimi sayansi ya dunia nzima isingefika Katavi. Naandika nikiwa timamu, sijanywa kitu. Madaktari wamesoma mpaka nywele zimewaisha, wakaja kukwama Mpanda mbele ya vikongwe wawili wa Kisukuma. Aliyewakwamua ni Shija wa Kawajense. Kaishia fomu tuu. Dereva bodaboda. Kijana mzuri kuliko wote kuanzia hapa mpaka Ikola, na Ikola kwenyewe sijafika ila najua.

Nimewapeleka bibi zangu kliniki ya viungo kama kawaida. Mshikaki. Bibi Mkubwa nyuma yangu, Bibi Mdogo nyuma yake. Njia nzima hawajasemeshana. Bibi Mkubwa ndiye aliyemzaa baba. Bibi Mdogo ni mke mwenza wake. Babu alipokufa aliwaachia ng'ombe na chuki, na vyote viwili wamevitunza vizuri. Boma moja, majiko mawili. Wote wawili baridi yabisi. Vidole vimepinda kama tangawizi.

Sasa kuna utafiti wa dawa mpya. Anayesimamia wagonjwa ni Sista Anitha, nesi wa kutoka mbali, miwani mikubwa, anaongea na mimi kama naanza chekechea. Kisukuma hajui hata salamu. Bibi zangu Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Mkalimani wao anaumwa. Nikajitolea.

Sista akasema kila Jumapili wameze kidonge kimoja. Za maumivu waendelee nazo wote. Ila nusu ya wagonjwa watapata dawa mpya yenyewe, na nusu watapata kidonge kitupu. Rangi ileile, ukubwa uleule, ndani hamna kitu. Nani kapata kipi hajui yeye wala daktari, mpaka utafiti uishe. Akasema hilo niwaeleze vizuri kuliko mengine yote.

Sikulieleza. Nimwambie Bibi Mkubwa nimemtikisa mifupa barabara nzima aje apewe kitu kitupu? Angenitandika fimbo mbele ya watu. Nikasema kwa Kisukuma, "Nyie wote mnapewa dawa mpya. Mtapona. Wekeni dole gumba." Wakaweka.

Sista akaniuliza kama nimewaeleza na habari ya vile vitupu. Nikamwambia nimeeleza mpaka jasho limenitoka. Akaniamini. Msomi mzima.

Jumapili, 12 Januari

Kidonge cha kwanza. Wamekaa uani wakiangaliana, kila mmoja na bakuli lake la maji, wakameza kwa pamoja. Ndiyo sheria ya boma hili tangu enzi za babu. Kinachoingia kinagawanywa sawa, na kinaliwa mbele ya macho ya mwenzako, asije mtu akadai mwingine kapendelewa. Hata kanga babu alikuwa ananunua mbili za rangi moja. Bibi Mdogo alimaliza kumeza akafungua mdomo, Bibi Mkubwa akachungulia mpaka kooni.

Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumapili, 9 Februari

Hakuna kitu. Wanameza, wanalia viungo, wananilaumu mimi. Bibi Mkubwa anasema nilimuahidi kupona. Kwani mimi ndiye kiwanda?

Huyo Sista simpendi. Alinipigia simu kuuliza kama wanameza kwa siku yake. Nikamwambia ndiyo mama mkwe. Akakata.

Jumamosi, 1 Machi

Leo asubuhi Bibi Mdogo amekamua ng'ombe. Mwenyewe. Nilifikiri ni mzimu. Tangu mwaka juzi kazi hiyo ni yangu, na ng'ombe hawanipendi. Ameshika chuchu kwa vidole vyote, maziwa yanapiga kibuyu, anaimba. Aliponiona akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, njoo ujifunze. Wewe unamkamua ng'ombe kama unamkaba mwizi."

Bibi Mkubwa alikuwa mlangoni kwake. Hawezi kushika hata kata ya maji, inamponyoka. Ameangalia mpaka mwisho.

Nimefurahi halafu nikachukia. Nimechukia zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Bibi Mkubwa ameongea. "Dawa moja, siku moja, maji ya mtungi mmoja. Kwa nini yeye anyooke na mimi nipinde?" Ananiuliza mimi huku amenikazia macho.

Jibu ninalo. Liko mdomoni kabisa. Nikasema, "Bibi, miili inatofautiana."

Nimeenda kijiweni nikamsimulia Ezekieli, mshkaji wangu wa Katumba, kwenye makazi ya waliokuwa wakimbizi wa Burundi, tunaegesha pamoja. Nilitaka acheke. Hakucheka.

"Sasa si uwaambie kuna vitupu?"

"Nitawaambia."

"Lini? Wakishauana?"

Nikamwambia Warundi mnapenda makubwa. Akaniambia yeye ana kitambulisho cha taifa, mimi sina hata cheti cha fomu foo. Tumenuniana mpaka jioni. Mjinga.

Jumapili, 16 Machi

Leo Bibi Mkubwa amegoma kumeza mbele ya mwenzake. Kaingia ndani na bakuli lake, kafunga mlango. Sheria ya babu imevunjwa leo, na aliyeivunja ni mke wake mkubwa.

Mchana kaja Baba Mkubwa Masunga, kaka yake baba, mtoto wa kwanza wa Bibi Mkubwa. Mtu wa hasira, ana shingo ya fahali na akili zake. Mama yake kamnong'oneza. Akatoka akasimama katikati ya boma, akasema kwa sauti ya majirani wasikie kwamba kuna mtu humu anavaa vidole vya mwenzake.

Hajataja jina. Hakuna haja. Macho ya Bibi Mdogo yamekuwa mekundu miaka mingi kwa moshi wa kuni, na huku kwetu kikongwe mwenye macho mekundu haishi kesi ya uchawi.

Jioni Bibi Mdogo alinifuata zizini. Anatembea vizuri sasa, hata fimbo kaacha. Akauliza polepole, "Mjukuu wangu, siku ile wewe ndiye ulikuwa mdomo wetu. Yule sista alisema nini hasa?"

Nikasema, "Alisema mtapona wote."

Kamfunga ndama. Kaondoka.

Jumanne, 25 Machi

Siku ya kupimwa. Nimewapeleka kwa safari mbili, maana Bibi Mkubwa hataki kupanda pikipiki moja na mwenzake. Mafuta yangu hayo.

Kuna kidude wanaminya kinapima nguvu ya mkono. Bibi Mdogo kaminya, Sista akainua nyusi. Bibi Mkubwa kaminya, mshale haukusogea. Sista akanivuta pembeni akauliza mbona leo wamekaa mabenchi tofauti, kuna shida nyumbani? Nikasema ni wazee tu. Akasema, "Shija, nikiuliza naomba unijibu." Nikamwambia anunue kwanza miwani inayoona Kisukuma, ndiyo aanze kuniuliza.

Mlango ulikuwa wazi. Mkalimani wao kapona, alikuwa palepale. Ningeweza kusema, akasikia Bibi Mkubwa, akasikia Bibi Mdogo, ikaisha. Lakini ningeonekana muongo mbele ya Sista. Yeye, wa watu wote.

Nimerudi nina hasira na kila mtu. Nimembishia abiria nauli mpaka kashuka njiani.

Alhamisi, 3 Aprili

Baba Mkubwa kamleta mpiga ramli. Serikali imekataza watu hawa, kwa hiyo kaja mchana kweupe amevaa suti kama mchungaji. Kazunguka boma, kanusa nusa, kasimama mbele ya jiko la Bibi Mdogo. Ningeweza kumwonyesha bure, kazi yenyewe hiyo. Majirani walijaa. Watu ambao Bibi Mdogo aliwazalisha wake zao walikuwa wameshika mawe. Hawajarusha. Wameshika tu, wanayageuza geuza mkononi.

Baba Mkubwa kasema anampa mpaka Jumamosi awe ameondoka. Baada ya hapo yeye hahusiki na watakachofanya vijana.

Bibi Mdogo alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeenda kliniki peke yangu. Nimemwambia Sista yote. Siku ya dole gumba, vile vitupu, nilichosema na nilichoacha. Nilidhani atafoka. Alivua miwani akafuta kwa gauni muda mrefu. Akasema, "Unajua ulichofanya?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hujui." Akampigia daktari, kisha akachukua kofia, akapanda nyuma yangu.

Tulimkuta Baba Mkubwa na wazee wa ukoo wamekaa. Sista kaeleza kwa Kiswahili, mimi nikageuza Kisukuma kwa ajili ya bibi zangu, neno kwa neno, sijaacha hata nukta. Kwamba kuna vidonge vyenye dawa na kuna vitupu. Kwamba huenda Bibi Mdogo kapata dawa na Bibi Mkubwa kapata kitupu. Au wote wamepata dawa, ikamkubali mmoja. Kwamba hakuna aliyemroga mtu.

Baba Mkubwa akauliza, "Hivyo vidonge nani alichagua, hiki kiende kwa huyu, kile kwa yule?"

Sista akasema hakuna aliyechagua. Kompyuta inapanga kibahati.

"Bahati," akasema Baba Mkubwa. "Na hiyo bahati nani aliisukuma kwa huyu, ikamruka mama yangu?"

Wazee wakaitikia kwa kichwa.

Halafu mzee mmoja akanigeukia. "Wewe mwezi wa kwanza ulisema wote wanapewa dawa. Leo unasema kuna vitupu. Hapo katikati nani kaushika mdomo wako?" Wote wakamtazama Bibi Mdogo. Yaani nimelogwa na mimi. Ukweli wangu umekuwa ushahidi dhidi yake.

Nikamgeukia Bibi Mkubwa. Nikamwomba aseme kitu, yeye ndiye mwenye vidole. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mvua.

"Miaka yote tumegawana sawa," akasema. "Hiki hakikugawanywa sawa. Aende."

Nimemchukia bibi yangu. Naandika hivyo na sifuti.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempeleka Bibi Mdogo kwa kaka yake Kapalamsenga, kando ya ziwa. Mchana kutwa barabarani. Alibeba godoro dogo, sufuria na kibuyu cha maziwa. Ng'ombe wake wamebaki, Baba Mkubwa kasema ni wa ukoo. Mvua ilitukuta njiani, tukajibanza kwenye kibanda cha mahindi. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Endesha polepole, mgongo." Basi.

Kaka yake alitupokea bila kuuliza. Nadhani alishasikia.

Nilipogeuza pikipiki Bibi Mdogo alishika mkono wangu kuniaga. Ameshika kwa nguvu. Vidole vyote vimefunga.

Jumatano, 9 Aprili

Sista kanipigia. Kwa sauti ya kawaida, hiyo ndiyo mbaya. Bibi Mdogo katolewa kwenye utafiti, Kapalamsenga ni mbali, hawawezi kumpima damu, na dawa hiyo haipewi mtu asiyepimwa damu. Vidonge alivyobaki navyo avirudishe. Bibi Mkubwa naye katolewa, kwa sababu dole gumba lake halina thamani, aliweka bila kuelezwa. Nikauliza sasa Bibi Mdogo vidole vyake itakuwaje. Akasema kama ilikuwa ni dawa, ikiisha mwilini vitaanza kupinda tena. Akasema atamwandikia zahanati ya huko wampe dawa za kawaida.

Nikauliza, kwani alikuwa na dawa au kitupu? Akasema bado hajui.

Nimeanza kumtukana. Nimeishia katikati. Sikupata tusi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua imekata. Nimekamua asubuhi. Maziwa kidogo, ng'ombe wanatafuta mtu mwingine nyuma yangu.

Bibi Mkubwa kakaa uani peke yake. Kapewa za maumivu tu. Nilimwekea maji kwenye bakuli akalishika kwa viganja viwili, akanywa, akaangalia upande lilipokuwa jiko la pili. Vijana wamelibomoa, wamechukua mabati. Akaniuliza kama kule ziwani kuna baridi. Nikasema kiasi. Akauliza kama mwenzake ana blanketi. Nikasema ninaenda wiki ijayo, nitampelekea. Kaingia ndani katoka na lake, kaliweka kwenye tanki la pikipiki, hakusema ni la nani.

Kijiweni wananiuliza nani alaumiwe. Ezekieli hajaniuliza. Nimewajibu Sista, Baba Mkubwa, mpiga ramli, wazungu wa kompyuta, majirani wenye mawe. Wote nimewatukana vizuri na watu wamecheka.

Hapa hakuna wa kucheka. Kulikuwa na sentensi moja ya kusema siku ya kwanza, kabla hawajaweka dole gumba, wakati bado lilikuwa ni jambo la kuelezana tu, na Bibi Mdogo alikuwa hajaanza kupona. Niliijua kwa Kiswahili. Niliijua kwa Kisukuma. Niliogopa kuchapwa fimbo na kikongwe asiyeweza kushika kata.