Waya wa Sobirin

Batam, 4 Machi 1996

Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumaini kifua kimetulia na mama hajambo. Mimi mzima. Kiwanda kinatunyonya kama kawaida, lakini wali tunakula.

Nina ombi. Sobirin, yule fundi anayetaka kunioa, amekubali kuja Tegal akufungie kadi ya mawasiliano kwenye ile mashine ya kukereza chuma. Ni ya zamani, baba. Kila programu unaiingiza kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu, na betri ikifa kumbukumbu inafutika unaanza upya. Akishaiunganisha na kompyuta kwa waya, programu zitatoka na kurudi kwa dakika chache. Hataki malipo. Anataka umfahamu, maana wewe ndiye walii wangu na bila ridhaa yako sina ndoa.

Mpokee, tafadhali.

Mwanao,
Umiroh

Tegal, 17 Machi 1996

Binti yangu Umi,

Waalaikumu salaam. Nakohoa, mama yako hajambo, anakuulizia kama umenenepa.

Mtu wako amefika. Anaswali, anakula vipande viwili tu vya tofu ya tahu aci anasema ameshiba, na hata paka anamwita kwa heshima. Mtu asiye na dosari namwogopa. Halafu alikuwa fundi wa Kasdulah, mshindani wangu wa ng'ambo ya mto, jambo ambalo hukunitajia. Kasdulah anazimezea mate programu zangu tangu Haji Daklan aliponipa mimi kazi ya mihimili ya pampu. Sasa Sobirin ametoboa kabati la mashine yangu, amechomeka kadi yake, na anataka kunakili kila kitu. Nilimuuliza kwa nini kila kitu. Akasema, "Zisije zikapotea, mzee."

Nimemtegea. Kabla hajanakili, nimeongeza sifuri moja kwenye programu ya mhimili wa Haji Daklan. Mimi nikitaka kukata naiondoa, nikimaliza nairudisha. Kasdulah akiitumia, kisu kitapitiliza kigonge taya zinazoshika chuma, na mlio wake nitausikia huku. Hapo tutajua huyu ni mkwe wa nani. Usimwambie.

Baba yako

Batam, 27 Machi 1996

Baba,

Salamu kwako na kwa mama. Nakuombea afya, na akili pia.

Barua yako imefika leo, nimeisomea chooni kazini. Iondoe sifuri hiyo leo hii. Nakala aliyonayo ndiyo itakayorudi kwenye mashine yako mwenyewe siku kumbukumbu ikifutika. Hukulifikiria hilo? Nimepiga simu kwa Haji Daklan akuite, maana wewe huna simu, jioni nzima hakuna anayepokea. Sikukutajia Kasdulah kwa sababu nilijua utamhukumu kabla hajavua viatu.

Naituma kwa njia ya haraka. Nijibu.

Umiroh

Tegal, 28 Machi 1996

Umi,

Assalamu alaikum. Mama yako anakusalimia, hajalala vizuri. Hatujapata jibu lako.

Nilikuwa Brebes kwenye hitima ya shangazi yako. Umeme ukakatika, na betri nayo ikafa. Nyumbani Haji Daklan alikuwa amesimama mlangoni anadai mihimili yake. Sobirin akaona anisaidie, akairudisha programu kutoka kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe cha kuanzia. Kisu kiligonga. Taya moja ilikatika, kipande kikamchana shavu, chini kidogo ya jicho. Wamemshona.

Mtaa mzima unasema waya wake umevuruga tarakimu, na yeye mwenyewe anaamini. Anakaa sakafuni na shavu limevimba, anaituma programu na kuirudisha, anaituma na kuirudisha, anatafuta kosa la waya. Kila asubuhi ananiomba msamaha. Anasema fundi asiyeweza kufunga waya hafai kuoa binti wa mtu.

Nimenyamaza. Huenda anajua na ananipima tu. Sijamfukuza.

Baba yako

Batam, 9 Aprili 1996

Baba,

Salamu kwa mama. Mwambie sijanenepa.

Sobirin ameniandikia kuvunja uchumba. Anasema amekuharibia mashine na hawezi kukutazama usoni. Habari ya sifuri ningeweza kumwambia mimi. Nimeshika kalamu mara nyingi na kila mara naiweka, kwa sababu neno hilo likitoka kwangu utabaki umekaa hapo unamshuku. Mwambie wewe, na Haji Daklan awepo, maana Sobirin anasema ndiye aliyeeneza mtaani habari ya waya. Usipomwambia, baba, sitakuja nyumbani tena.

Umiroh

Tegal, 20 Aprili 1996

Umi wangu,

Waalaikumu salaam. Kikohozi kipo. Mama yako haongei nami tangu nilipomsimulia.

Nimemwambia. Nilimwita Haji Daklan akaketi, mama yako akamimina chai, nikasema sifuri ile niliiweka mimi na waya hauna kosa. Haji aliinuka bila kuimaliza chai. Mihimili yake sasa inakatwa kwa Kasdulah.

Sobirin hakupaza sauti. Aliuliza, "Na sasa, mzee, bado unanidhania?"

Nilitaka kusema hapana, na nikasema hapana. Lakini nilichelewa kidogo, mwanangu, na aliona. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko mashine. Sijui kuamini mtu, sijawahi kujua, hata wewe nilikuwa nakuhesabia muda wa kutoka madrasa.

Alifunga begi lake, akambusu mama yako mkono, akambusu na wangu, akaenda. Sijui kama anakuja kwako au anakwenda zake. Ridhaa yangu ya walii nimeiandika mbele ya kadhi na mashahidi. Imo humu ndani. Itumie ukiona inafaa.

Baba yako

Batam, 10 Mei 1996

Baba,

Ridhaa imefika. Sobirin alifika kabla yake. Mimi nilitaka twende kwa kadhi wa huku atuozeshe bila wewe, na nilikuwa nimeshauliza namna. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema tusubiri barua ya baba, itakuja. Nilimuuliza amejuaje. Akasema hajui, anasubiri tu.

Tumefunga ndoa Ijumaa iliyopita. Shavu limepona, kovu limebaki.

Mume wangu anakusalimia sana, na anauliza kama taya mpya ya mashine imepatikana. Mimi nitakusalimia hasira zikiniisha.

Umiroh